Kipande Kilichobaki kwa Daktari wa Meno

Jirani yangu wa mlango wa mwisho kwenye korido yetu anaitwa Bwana Tulia, na jina hilo amelipata kihalali. Ni mpiga picha za video za harusi, na tangu nimfahamu neno hilo ndilo analowaambia mabibi harusi, wapambe, watoto walioshiba keki na wazee wanaokohoa mbele ya kamera: "Tulia." Yeye mwenyewe sijawahi kumwona ametulia.

Ni mtu mrefu, amevuka hamsini, na bega lake la kulia limeshuka kwa kubeba kamera. Akisimama kwenye foleni ya benki huonekana kama anamsikiliza mtu mfupi aliye pembeni yake. Namheshimu kwa sababu ana msimamo, na hilo limekuwa adimu. Hampigi picha mtu anayelia bila ridhaa yake. Ukumbi uliojaa nusu haufanyi uonekane umefurika, hata mteja ambembeleze vipi. Wengi wa kazi yake wanafanya hivyo kila wiki na wanalala usingizi.

Sisi wa korido hiyo tuko watano. Mimi nina ofisi ya uchapaji na kutoa nakala. Mlango wa pili ni wa mpima ardhi, mtu ambaye hawezi kupita penye fremu ya picha ukutani bila kuinyoosha. Anayefuata ni fundi cherehani tunayemwita Mama Pindo. Kisha daktari wa meno, na benchi lake la wagonjwa lililoziba nusu ya njia. Mwisho ni Bwana Tulia. Kila mmoja wetu ana kompyuta, na hadi mwaka jana kila kompyuta ilijua mambo ya bwana wake tu.

Mwaka jana Bwana Tulia alimwoza binti yake wa pekee. Ndugu zake walimshauri atafute mpiga picha mwingine siku hiyo, yeye avae suti na kukaa mbele kama baba.

"Nimewapiga picha mabinti wa watu mji mzima," akawajibu, "halafu wangu nimkabidhi mtu mwingine?"

Akavaa suti, akaweka kamera begani juu ya suti, na kutwa nzima hakuna aliyemwona isipokuwa viatu.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mama wa bwana harusi ni muuguzi mkuu mstaafu. Maisha yake yote alikuwa akiingia wodini na watu wanasimama. Nimesikia kwamba hata waliovunjika miguu walijaribu. Siku ya harusi gari lilimchelewesha, akaingia ukumbini watu wameshakaa. Kesho yake akasema kwamba hakuna aliyeinuka kumpokea, na hasa baba wa bibi harusi hakuonekana hata kivuli chake.

Hakupiga kelele. Watu wa namna hiyo hawapigi kelele. Aliacha tu kwenda nyumbani kwa mwanawe. Binti wa Bwana Tulia alimpelekea chakula kila Jumapili, na kila Jumapili bakuli lilirudi na kifuniko chake kama lilivyokwenda. Bwana harusi, kijana mpole, alikuwa akilibeba bakuli hilo kwenda na kurudi, na ilifika mahali akawa analisalimia.

"Baba, nyumba yangu haina hata mwaka," binti alimwambia baba yake mlangoni pa ofisi, nami nikasikia kwa sababu korido yetu haina siri. "Mama mkwe akiniweka pembeni sasa, nitakaa pembeni hadi nizeeke."

"Picha itasema," akajibu Bwana Tulia. "Na sitaikata hata kidogo. Nikikata, watasema nimeficha."

Akatuma ujumbe kwa mkwe wake, yule mama wa bwana harusi: Jumamosi alasiri aje kwake atazame filamu nzima, tangu milango ya ukumbi ilipofunguliwa hadi viti vilipofagiliwa chini yake. Mkwe akakubali. Akaongeza kwamba asipojiona akipokelewa, asitafutwe tena.

Sasa lazima nieleze kazi yenyewe. Video ikitoka kwenye kamera ni kubwa mno, televisheni ya nyumbani haiwezi kuimeza. Inabidi kompyuta iibane, picha moja baada ya nyingine, hadi iwe nyepesi bila kuharibika. Kwa filamu ndefu kama ile, kompyuta moja inahitaji zaidi ya kutwa. Na katika jengo letu kutwa ndiyo yote tuliyonayo, kwa maana giza likianza kuingia mlinzi huzima swichi kuu. Anaogopa moto. Umeme ukizimwa, kazi yote iliyobanwa hupotea na asubuhi mtu anaanza upya. Siku tatu mfululizo Bwana Tulia alianza upya. Mlinzi aliombwa, akasema amri ni ya mwenye jengo. Mwenye jengo akapigiwa simu, akasema anamwachia mlinzi.

"Si umpelekee kamera yenyewe atazame humo?" nikamuuliza.

"Mkwe wangu atazame harusi ya mwanawe kwenye kioo cha ukubwa wa kiberiti?" Akanitazama kama nimemtukana. "Mkwe haonyeshwi kazi mbichi, mwalimu." Huniita mwalimu kwa sababu nilisoma chuo, na kwa sababu huwa nawasahihisha.

Siku ya nne akaja na dawa. Alitandaza waya juu ya milango yetu yote, ukashikwa na misumari, na kompyuta zetu zikaunganishwa na yake. Yake akaiita Kiranja. Kiranja angeikata filamu vipande, akigawia kila kompyuta kipande chake ikibane wakati mwenyewe anaendelea na shughuli zake, kisha akivikusanya, alichopokea kikiwa salama hata umeme ukizimwa, na kuviunga viwe kitu kimoja. Mzigo wa kutwa na nusu ungekwisha kwa asubuhi moja. Nilipenda mpango huo. Majirani kubeba mzigo wa mwenzao ni jambo jema, na mimi huwa wa kwanza kulitetea.

Lakini Bwana Tulia, kwa msimamo wake uleule, akaongeza sharti moja.

"Mashine ni zenu," alituambia, tumesimama kwenye korido. "Siwezi kumbebesha mtu asichokijua. Kila mmoja atakitazama kipande chake kwanza, akiridhika abonyeze mwenyewe."

Kama angenyamaza tu, hadithi ingeishia hapa.

Mama Pindo alikuwa wa kwanza kutoka nje ya mlango wake, futi ya kupimia shingoni.

"Bwana Tulia, mimi umenipa watu wanakula. Nataka bibi harusi anapoingia. Gauni nimelishona mimi."

"Vipande havichaguliwi, Mama Pindo. Kiranja anagawa."

"Basi mwambie Kiranja anijue."

Mpima ardhi naye akatokea. Yeye ndiye aliyepewa bibi harusi. "Mimi naweza kubadilishana," akasema, "ila sitaki keki. Ile meza ya keki imeinama upande wa kushoto. Siwezi kuweka jina langu pale."

"Nani kakwambia uweke jina?"

"Ni mashine yangu. Kazi ikitoka kwenye mashine yangu ni yangu."

Daktari wa meno akachungulia, amevaa barakoa. Alitaka kujua yule mjomba anayetafunia upande mmoja ni wa ukoo gani. "Aje Jumatatu," akasema. "Ana gego limeoza. Nimelitazama mara mbili."

Nilidhani ni mzaha wa asubuhi, nikarudi kwenye kazi zangu. Mimi nilipewa hotuba ya mjomba wa bwana harusi, hotuba ambayo siku ya harusi hata waliohutubiwa hawakuimaliza. Niliitazama yote, nikabonyeza, sikugusa kitu. Mali ya mtu uliyokabidhiwa kuivusha unaivusha ilivyo. Hili sidhani kama linahitaji cheti.

Wenzangu hawakuona hivyo. Kwenye kidirisha cha ile programu ya kubania kulikuwa na mahali pa kuweka mwanzo na mwisho wa kipande, na vitufe vya kunyoosha na kung'arisha. Bwana Tulia hakuwakataza kuvigusa kwa sababu hakuwaza kwamba mtu mzima angevigusa. Mama Pindo akaondoa wapambe wote ambao mapindo yao yalikuwa yamefumuka, na kwa kuwa walikuwa wamekaa kati ya watu, watu nao wakaondoka. Mpima ardhi alipewa keki pamoja na kukataa kwake, akaizungusha picha hadi meza ikanyooka, lakini sasa ukumbi mzima na wageni wake ukawa umelala upande wa kulia kama meli inayozama. Daktari alimng'arisha mjomba meno hadi uso wote ukawa taa.

Kiranja, ambaye ni chombo tu na hana uso wa kuona haya, alikuwa akipima kila kipande kinachorudi. Kikirudi kifupi kuliko kilivyokwenda, anakikataa na kukitupia mashine nyingine iliyo wazi. Kikirudi na urefu kamili, anakipokea hata kama meli inazama. Kwa hiyo Alhamisi yote vipande vilikuwa vikizunguka kwenye korido kama watoto wasio na kwao.

Bwana Tulia alipokuja kutazama akashika kichwa.

"Nani kamtoa shangazi yangu?"

"Yupi?" akauliza Mama Pindo.

"Wa gauni la buluu."

"Huyo pindo lake lilikuwa linaburuta. Nimekusaidia."

"Mama Pindo, sikukuomba kushona. Nilikuomba kubeba."

"Mimi sibebi kitu kimefumuka," akasema, na akaning'iniza gauni la mteja kwenye waya ulio juu ya mlango. Waya ukachomoka, na kwa saa nzima hakuna kipande kilichotembea kokote. Tulimlaumu Kiranja, tukamlaumu mlinzi, mpaka mteja alipokuja kuchukua gauni lake.

Ijumaa tulifanya kikao, wote watano, katikati ya wagonjwa wa meno. Wagonjwa nao walikuwa wameshaingia kwenye mambo hayo. Skrini ya daktari ilionyesha kazi imefika wapi, na mmoja alikataa kufungua mdomo hadi harusi ifike nusu. Nilisema kwenye kikao maneno ambayo nayarudia hapa: kwamba mtu akikupa barua umpelekee jirani, hufungui bahasha ukasahihisha salamu. Mpima ardhi akaniuliza kama mimi katika uchapaji wangu huwa sisahihishi. Nikamwambia huo ni uchapaji. Akasema, "Ndiyo hivyo hivyo." Kikao kikaisha hivyo.

Hata hivyo wakaahidi kuacha, na vipande vyote wakavipeleka upya. Ukiacha hotuba yangu iliyokuwa bado inabanwa, kimoja tu kilibaki, na ndicho chenye maana. Ni pale mama wa bwana harusi anapoingia ukumbini.

Kipande hicho kilikuwa na ila. Wageni wanaonekana wakigeuka mlangoni, wanaanza kuinuka, halafu ghafla picha inaanguka: unaona zulia, unaona viatu, unaona ukingo wa meza, kisha picha inapanda tena na mama amekwisha kukaa. Mpima ardhi alipokipata alikata pale pa zulia, akasema hakukiuka ahadi, ametoa takataka. Kiranja akakikataa. Kikaenda kwa Mama Pindo. Naye akakata. "Viatu vya watu vya kazi gani?" akasema. "Tena vimechakaa." Kiranja akakikataa, kikaenda kwa daktari wa meno. Kwangu hakikuja, mashine yangu, ambayo ni kongwe na kila asubuhi ilianza upya, ilikuwa bado na mjomba, imefika anapowashukuru walioleta viti.

Bwana Tulia aliijua ila hiyo. Alikuwa ameiona tangu mwanzo na ilikuwa ikimuuma, kwa sababu ndiyo picha mbaya kuliko zote alizopiga. Lakini alikuwa amesema hatakata, na hakukata. Akapita mlango kwa mlango akisema kwa sauti ya chini, "Jamani, hicho kiacheni na ubaya wake." Walimkubalia kwa kichwa kila mara.

Jumamosi mchana kipande kilikuwa bado kwa daktari. Hakukikata, ila alikuwa na mgonjwa wa jino la akili, na hakuwa tayari kubonyeza kabla ya kukitazama, kwa kuwa sharti ni sharti. Saa ya ahadi ikapita. Bwana Tulia alimpigia simu mkewe amwandalie mkwe kinywaji na kumchelewesha. Mkewe akamwambia mkwe ameshainuka, anakuja huko.

Alipanda ngazi taratibu, mkoba mkononi, binti na bwana harusi nyuma yake kama wauguzi wanafunzi. Mwanamke mnene, mnyoofu, nywele nyeupe zimefungwa vizuri. Alipotokea tu kwenye korido, wagonjwa wote benchini wakasimama, na mpima ardhi na Mama Pindo na mimi tukasimama milangoni, bila mtu kutuambia. Hakutuona tofauti na ukuta.

"Mkwe," akasema, "hiyo picha iko wapi?"

Bwana Tulia akatoka mlangoni kwake. "Shikamoo, mkwe. Nyingine karibu zote zipo. Hiyo yako… iko kwa daktari wa meno."

"Meno yangu hayaumi."

"Ndiyo, mkwe. Ni picha iliyo kwake."

"Picha yangu inafanya nini kwa daktari wa meno?"

Nilimwona mtu mwaminifu akitafuta jibu fupi la kweli na kulikosa. "Inabanwa," akasema mwishoni.

Mama akaingia. Chumba kile kina kiti kimoja tu, na kiti chenyewe mnakijua. Daktari alikuwa amemaliza na mgonjwa wake. Mama akaketi, mkoba mapajani, na daktari, ambaye miaka yote kila anayeketi pale amemfanyia vilevile, akamfunga kitambaa kifuani, akawasha taa ya usoni na kukiinamisha kiti nyuma kabla hajajua anafanya nini. Alipojua, hakuthubutu kukirudisha. Akaigeuza skrini upande wa mama, akakitazama kipande kwa pembe ya jicho, akabonyeza.

Mashine ilikuwa imechoka. Kidirisha kilionyesha kila picha ikibanwa moja moja, na kila moja ilikaa kabla ya kumpisha mwenzake. Tulijazana mlangoni. Tukamwona mama anatokea kwenye mlango wa ukumbi, na mguu wake ukachukua muda mrefu kufika chini. Kisha watu wakaanza kuinuka. Nimehudhuria hafla nyingi za wakubwa, lakini sijaona watu wakisimama namna ile: kichwa kimoja, kisha bega, kisha meza nzima, polepole, kwa utulivu, ukumbi wote ukipanda kama unga uliotiwa hamira. Shangazi wa gauni la buluu alisimama. Mjomba wa gego alisimama na tonge mkononi.

"Wamesimama," akasema bwana harusi kwa kunong'ona.

"Nina macho," akasema mama yake, amelala chali chini ya taa. "Siku ile nilimtafuta mmoja tu. Baba wa bibi harusi yuko wapi?"

Hapo picha ikaanza kuanguka. Vichwa vya watu vikapanda juu na kutoka, zikaja tai, zikaja vifungo, ukaja ukingo wa meza, ukaja zulia. Viatu vyeusi vya mama mwenyewe, na mbele yake viatu vingine, vya kiume, vilivyochakaa kidogo kwenye kisigino. Picha ikakaa hapo. Kwa mwendo wa mashine ile ilikaa sana.

"Hapo ndipo pabovu, mama," daktari akasema kwa upole wa kazi yake. "Tungepaondoa, ila hapaumi. Vumilia tu kidogo."

"Nani aliyeangusha kamera?"

Bwana Tulia alikuwa amesimama nyuma ya kiti, bega limeshuka. Binti yake alikuwa amemshika mkono wa koti. Angeweza kusema alijikwaa kwenye waya. Kila mtu angeamini.

"Haikuanguka, mkwe," akasema. "Ilikuwa begani. Ulipofika mbele yangu nilikuinamia. Nayo ikainama."

Kwenye skrini viatu viwili vilikuwa bado vinatazamana na viwili.

"Siku ile hukukaa kabisa?"

"Sikukaa, mkwe. Kwa hiyo sikuweza kuinuka."

Mlinzi akatokea mlangoni na rundo la funguo, akasema jioni imeingia, anazima.

"Mimi nimeketi hapa," mama akasema bila kugeuka.

Mlinzi akavua kofia, akasubiri.

Picha ikapanda taratibu kutoka kwenye zulia, ikapita mikono, ikafika kwenye kiti cha mbele, na mama alikuwa amekaa humo, uso wa siku ile, uso wa mtu aliyeona kamera tu. Kiranja kule mwisho wa korido akatoa mlio mdogo. Kipande kilikuwa kimetimia urefu wake, akakipokea.

"Mkwe," Bwana Tulia akasema, na najua hili lilimgharimu, "ukitaka pale pa zulia nipatoe, nitapatoa. Ni wewe tu."

"Upatoe?" Akajaribu kuketi wima, kiti kikamkatalia, bwana harusi akamsaidia. "Watu wazima kusimama nimeona maisha yangu yote. Pale pasiguswe." Akamtazama binti. "Ulijua baba yako aliniinamia?"

"Sikujua, mama."

"Kesho nakuja kwenu. Usipike mengi."

Akasimama, akachukua mkoba wake, akapita katikati yetu na kushuka ngazi, wanawe nyuma yake. Bwana Tulia akaketi kwenye benchi la wagonjwa, na ndiyo mara ya kwanza nilimwona ameketi. Mpima ardhi alimtazama kwa muda, akataka kumsahihisha bega, akajizuia.

Daktari alikuwa dirishani, anatazama barabarani.

"Ameondoka na kitambaa changu kifuani," akasema.

Tukachungulia. Alikuwa anavuka barabara, mnyoofu, kitambaa cha buluu kimefungwa shingoni, na watu wanampisha.

"Mfuate," akasema Mama Pindo.

"Nani, mimi?"

Mlinzi akauliza kama sasa anaweza kuzima. Nikamwambia asubiri kidogo, mjomba kwenye mashine yangu alikuwa bado anawashukuru walioleta maji.